Mirija ya uzazi: njia ya sentimita 10 tu

Wagonjwa wengi wanaokuja kliniki yangu ya magonjwa ya wanawake wanakilaumu kizazi. "Daktari, nimeambiwa kizazi changu kimegeuka." Kizazi kisicho na mimba kina urefu wa sentimita 7 au 8 hivi, kimekaa kati ya kibofu cha mkojo na njia ya haja kubwa, na kwa wanawake wengi kimeinamia mbele. Kwa takriban mmoja kati ya watano kimeelekea nyuma. Ni maumbile tu, kama mtu kutumia mkono wa kushoto, na wanazaa vizuri.

Mimi nikisikia mama anatafuta mtoto hapati, nawaza mirija kwanza (na mumewe, ambaye mara nyingi amebaki nyumbani).

Mirija ni miwili, kila mmoja una sentimita 10 hadi 12, unene kama wa penseli au pungufu, nayo inatokea pembe za juu za kizazi, kulia na kushoto. Michoro ya shuleni hufanya uamini kwamba imeungana na ovari, yaani vifuko vya mayai, moja kwa moja. Sivyo. Ncha ya mrija iko wazi, ina nyuzi laini zinazoning'inia juu ya ovari, na yai likishapevuka na kutoka, nyuzi hizo hulizoa na kuliingiza ndani. Kuna wakati mrija wa kulia hulidaka yai la ovari ya kushoto. Ndiyo maana aliyetolewa mrija mmoja bado anaweza kushika mimba.

Yai huishi kama siku moja. Mbegu za kiume huweza kulisubiri hadi siku 5, na zinakutana nalo humo humo mrijani, si ndani ya kizazi. Baada ya hapo vinyweleo vidogo mno vilivyotanda ndani ya mrija hulisukuma taratibu kuelekea kizazi, safari ya siku 3 au 4.

Sasa, njia hii iko wazi kuanzia ukeni, ikapita mlango wa kizazi, hadi tumboni. Vijidudu navyo hupanda humo humo. Vya klamidia na kisonono, magonjwa ya zinaa, visipotibiwa huacha makovu, na klamidia ndiyo mbaya zaidi kwa sababu wanawake wengi hawasikii dalili yoyote.

Kwenye picha ya mirija tunapitisha dawa inayoonekana kwenye eksirei kupitia mlango wa kizazi huku tukitazama. Kwanza inajaa pembetatu nyeupe, ndiyo nafasi ya ndani ya kizazi. Kisha nyuzi mbili nyembamba huchomoza pembeni. Dawa ikimwagika tumboni mwishoni, mrija uko wazi. Ikikwama, pameziba. Kovu la namna hiyo haliyeyushwi na dawa za kunywa wala za kuweka ukeni zinazouzwa mitandaoni kwa jina la kuzibua mirija, na hizo za ukeni zinaweza kuleta maambukizi mapya.

Mrija uliobanwa nusu unanitia hofu zaidi kuliko ulioziba kabisa. Mbegu hupita, lakini yai lililorutubishwa hukwama na mimba hukua mahali pasipotanuka. Umekosa hedhi, tumbo linauma upande mmoja, matone ya damu yanatoka, unasikia kizunguzungu au hata maumivu ya bega: usisubiri asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo, na waambie mapema kwamba hujaona siku zako.