Kuteremsha pikipiki mbele: yanayosemwa garajini Goma na yaliyo kweli

Aliyezoea barabara za Goma anaelewa kwa nini mtu atamani pikipiki fupi. Zile ndefu za aina ya Yamaha DT 125, zilizotumika kwenye mashirika kisha zikauzwa, mara nyingi huishia kwa watu ambao miguu haiwafiki chini vizuri. Ukisimama juu ya makoro, yaani mawe ya lava, mtaani Ndosho na mguu ukakosa pa kukanyaga, pikipiki inakulalia. Wapo pia vijana wanaotaka tu ionekane imeinama mbele kama ya mashindano. Wote hao wakifika garajini huambiwa maneno yaleyale, na mengi hayana ukweli.

«Teremsha mbele, miguu itafika.» Tupige hesabu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita moja na robo. Kiti cha dereva kiko nyuma zaidi, karibu theluthi mbili ya umbali huo. Ukishusha mbele milimita 20, kiti kinashuka milimita 7 hivi. Soli ya kiatu kizito inakupa zaidi ya hapo. Anayetafuta kufikisha miguu aende kwa fundi wa viti apunguziwe sponji: sentimita tatu hupatikana mchana mmoja, na siku akiuza pikipiki sponji inarudishwa. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kushika spana yoyote.

«Kinachobadilika ni urefu tu.» Hapana, na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Shokapu za mbele hazisimami wima, zimelala nyuma kwa digrii 26 hivi. Fuata kwa macho mstari wa shina la usukani mpaka chini: unagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Umbali huo, ambao kwa pikipiki nyingi ni sentimita nane hadi kumi, ndio unaolifanya gurudumu lijirudishe lenyewe katikati ukiachia usukani kidogo. Shusha mbele milimita 20 na pikipiki nzima inainama karibu digrii moja. Umbali ule unapungua milimita tano au sita.

Matokeo yake unayahisi mikononi. Pikipiki inakuwa nyepesi kukata kona, na motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anayejipenyeza mtaa wa Birere kati ya chukudu (baiskeli za mbao za mizigo) na malori ataipenda siku ya kwanza. Ila ukishika njia ya Sake na kasi ikapanda, wepesi uleule unageuka usumbufu. Jiwe likigonga tairi kwa ubavu, usukani unacheza na haurudi kwa nguvu uliyoizoea. Milimita kumi wengi hawaihisi. Thelathini inahisiwa hata na abiria.

«Unabeba watu wawili na gunia, shusha mbele ili ilingane.» Hili lina chembe ya ukweli. Mzigo ukikaa nyuma, nyuma inazama, mbele inanyanyuka, na usukani unakuwa mzito wa kujibu. Lakini tiba iko kulekule nyuma. Shokapu nyingi za nyuma zina kola yenye ngazi, mara nyingi tano. Izungushe kwa spana ya ndoano, pande zote mbili ngazi sawa, na nyuma inapanda. Ukishusha mzigo unairudisha. Aliyeshusha mbele anabaki na pikipiki iliyoinamia pua hata anaporudi nyumbani bila mtu.

«Kata springi, italainika na kushuka.» Fundi hakati kwa ujinga. Kwenye baadhi ya pikipiki ndogo za kazi, mrija wa shokapu unagota chini ya kibano cha juu (vibano ni vile vipande viwili vinavyoshika shokapu za mbele kwenye shina la usukani), na boliti kubwa inapita kwenye kibano hicho na kuuvuta kutoka ndani. Mrija hauna pa kupandia ili mbele ishuke, kwa hiyo msumeno unaonekana ndiyo njia pekee.

Inashuka, ni kweli. Kulainika, la. Springi iliyopunguzwa mizunguko ni ngumu kuliko ilivyokuwa: toa sehemu moja ya tano ya mizunguko, ugumu unapanda kwa robo nzima. Kilichopotea ni ule mkazo wa kwanza, yaani springi kubanwa kidogo tangu kifuniko kinapofungwa. Bila mkazo huo pikipiki inazama kwa uzito wake yenyewe na kula sehemu ya mwendo iliyotakiwa kumeza mashimo. Ndiyo maana mtu analalamika kwamba shokapu ni ngumu na bado inagonga mwisho, na fundi anamwambia haiwezekani. Inawezekana kabisa.

Kisha angalia ncha iliyokatwa. Kiwandani mwisho wa springi hufungwa na kusagwa bapa. Ncha ya msumeno inakaa upande, inakwangua ukuta wa mrija, na vumbi la chuma linaingia kwenye oili. Wanaotumia moto wa gesi ili springi ijikunje yenyewe wanaharibu zaidi: chuma kikifika wekundu, ule ugumu kiliopewa kiwandani unaondoka na springi inaendelea kulala kadiri siku zinavyopita.

Kwa shokapu za namna hiyo kazi sahihi inafanyika ndani. Kipande cha bomba kinavalishwa kwenye fimbo ya ndani, pale palipo springi ndogo ya kuzuia mgongano shokapu inapotanuka, ili mrija usitoke tena hadi mwisho wake wa zamani. Bomba linalokalia springi kubwa juu linakatwa kwa kipimo hichohicho, mkazo usizidi. Mwendo unapungua, hilo hulikwepi, lakini tairi halisogei karibu na kibano kuliko zamani.

«Punguza oili, itashuka.» Oili haibebi pikipiki, springi ndiyo inayobeba. Oili inazuia springi isirukeruke, na hewa iliyo juu yake inabanwa na kusaidia mwishoni mwa mwendo. Ukiipunguza, urefu unabaki uleule, ila mbele inaruka kwenye kila jiwe na kugonga chini. Kuweka ya injini kwa sababu ni nzito ni kosa la upande wa pili: shokapu inachelewa kurudi, na kwenye mashimo yanayofuatana inazidi kujikunja bila kupata nafasi ya kutanuka.

«Kupandisha mirija ni kazi ya dakika tano.» Yaani kuisukuma juu ndani ya vibano ili mbele ishuke. Kama mirija yako inapita wazi kwenye vibano vyote viwili, kweli hii ndiyo njia ya nyumbani iliyo safi zaidi, na inarudishika. Dakika tano ndizo zinazoleta ajali. Weka gogo au jeki yenye ubao chini ya injini kabla ya kulegeza chochote. Kreti ya bia ya plastiki haifai. Legeza boliti za vibano, shusha polepole, pima kwa rula ya chuma mrija uliotokeza juu kulia na kushoto. Vikitofautiana hata milimita mbili, ekseli inakaa upande na shokapu zinakwama.

Halafu jaribio ambalo wengi hulikwepa. Ukiwa bado na jeki, fungua vifuniko vya juu huku ukivikandamiza kwa mkono na uso ukiwa pembeni, toa springi, kisha shusha mbele mpaka mwisho. Tazama nafasi iliyobaki kati ya tairi au madigadi na kibano cha chini, na kati ya tairi na ekzosi. Kama vinagusana hapo, vitagusana pia siku utakapoingia shimo kwa kasi, na gurudumu litakaba. Zungusha na usukani mpaka mwisho pande zote uone kama kebo inavutwa au mrija unagonga usukani.

«Milimita ishirini si kitu.» Kwenye lami, labda. Lava iliyoingia mjini Januari 2002 bado ndiyo sakafu ya mitaa mingi, na makoro hayasagiki kwa tairi. Tumbo la injini na boliti ya kumwagia oili ndivyo vinavyofika kwanza. Taa nayo inaangaza karibu zaidi, kwa hiyo ipandishwe.

Mwisho ni stendi ya pembeni, ambayo hakuna anayeikumbuka. Pikipiki ikishuka, stendi inabaki ndefu, pikipiki inasimama wima mno na upepo kidogo unaiangusha upande wa pili. Wengine huikata. Kisha wakirudisha shokapu kwenye urefu wake, inawabidi watafute kipande cha kuchomelea.