Mfarishi wa viraka bei gani? Niambie kwanza una vipande vingapi

"Fundi, mfarishi wa kitanda cha futi tano kwa sita utanifanyia pesa ngapi?" Swali hili haliishi kwenye simu yangu, na mimi huwa nalijibu kwa swali: unataka vipande vingapi? Mteja hushangaa. Godoro huuzwa kwa ukubwa, shuka huuzwa kwa ukubwa, mfarishi una nini? Hata mafundi wenzangu hapa Jinja, Uganda, wengi hutaja bei kwa futi, halafu wananung'unika kwamba kazi ya viraka hailipi. Italipaje, kama kinachokula muda wako hukukiweka kwenye bei?

Chukua mfarishi wa sentimita 150 kwa 200. Ukiukata kwa miraba ya sentimita 25 unapata vipande 48, na mishono ya kuviunganisha ina urefu wa mita 20 na nusu. Sasa mteja akuletee picha ya miraba midogo ya sentimita 10. Ukubwa ni ule ule, kitanda ni kile kile, lakini vipande vimekuwa 300 na mishono imefika mita 56 na nusu. Hapo sijagusa pembe. Kwenye ule wa kwanza kuna sehemu 35 ambapo pembe nne zinakutana na lazima zikae sawasawa. Kwenye wa pili ziko 266. Anayejua kazi hii anajua kwamba muda hauishii kwenye kushona mstari ulionyooka. Unaishia kwenye pembe: kupiga pini, kufungua, kurudia, kupiga pasi upande huu na ule.

Kitambaa nacho huongezeka, jambo ambalo wengi hulisahau. Kila kipande kinahitaji akiba ya mshono, kama milimita 6 kila upande. Miraba 48 mikubwa inakula mita za mraba 3.3 hivi, na ile 300 midogo inakula karibu 3.8, wakati uso wa mfarishi wenyewe ni mita za mraba 3 tu. Tofauti yote imejificha ndani ya mishono, na mteja hataiona kamwe. Wewe uliyeinunua ndiye unayeijua.

Kwa hiyo kabla ya bei nachora. Karatasi ya hesabu ya shule yenye miraba inatosha. Nahesabu vipande, nahesabu pembe, kisha najiuliza vitambaa gani. Kitenge cha pamba ni rahisi, kinatulia chini ya mkasi. Satini ya gomesi, lile vazi refu la wanawake wa huku, inateleza kama kambare, na siwezi kuikata kabla sijaibandika kitambaa cha gundi kwa nyuma kwa pasi. Hicho ni kitambaa kingine cha kununua na saa nyingine za kusimama.

Vitenge nanunua Kampala, Kiyembe, ambako unapata uchaguzi kuliko huku kwetu. Kipande kamili huwa yadi sita, yaani kama mita 5 na nusu, na upana wake ni sentimita 115 hivi. Upana huo hauwezi kufunika mgongo wa mfarishi wa sentimita 150, kwa hiyo bitana inashonwa kwa mapande mawili ya sentimita 220, jumla mita 4.4. Inayobaki ni mita moja na kidogo, na hiyo natoa ukingo: mikanda saba ya sentimita 6 na nusu inatosha kuzunguka mita 7 za pembezoni na kubakisha ya kuungia. Ndiyo maana nawaambia wateja wachague bitana ya yadi sita nzima, wasiniletee mapande mawili ya gomesi ya shangazi na kusema "tumia haya".

Na nunua vyote siku moja. Chapa ya kitenge ikiisha dukani, mara nyingi imeisha kweli. Mzigo unaofuata unakuja na maua mengine. Hapa ndipo advansi inapoingia: nachukua angalau thamani yote ya vitambaa na pamba ya kujazia kabla sijapanda gari la Kampala. Asiyetaka kutoa advansi hajaamua bado, na si vibaya, ila asiamue kwa pesa yangu. Akilipa kwa simu, gharama ya kutoa pesa, pamoja na ile kodi ya asilimia 0.5, naihesabu kwenye vifaa. Ni ndogo, lakini mfarishi una gharama ndogo nyingi.

Vitambaa vyote vinafuliwa kabla ya kukatwa. Pamba husinyaa, na wekundu na buluu ya nili huweza kuchuja. Ukishona bila kufua, mfarishi ukifuliwa mara ya kwanza nyumbani kwa mteja, weupe unakuwa waridi na wewe unaitwa mwizi. Kipimo changu ni kitambaa cheupe kilicholowa, nakisugua juu ya rangi na kuangalia. Sabuni, maji, saa za pasi, yote yamo kwenye bei. Pasi ndiyo inayomaliza yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, si cherehani: pasi ya wati 1,200 hula mara kumi au zaidi ya mota ndogo ya cherehani, na kazi ya viraka ni pasi kila baada ya mishono michache.

Saa zangu nazipimaje? Siangalii bei za Marekani kwenye mtandao, maana fundi wa huko hanunui chakula soko letu. Najiuliza: muda huu ningekuwa nashona nini? Mimi kipimo changu ni sare za shule. Najua kwa saa moja ya sare napata kiasi gani baada ya kutoa kitambaa, na mfarishi usiponipa angalau kiasi hicho, basi ninawapunja watoto wangu ili mtu alale vizuri. Januari, kabla shule hazijafunguliwa, saa yangu ni ghali zaidi, na mfarishi wa Januari unapanda bei au unasubiri Machi. Wateja huelewa hili haraka kuliko unavyofikiri, hasa wenye watoto.

Tuweke mfano, na tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu. Weka za kwako. Vifaa vya ule mfarishi wa vipande 48, tuseme shilingi 200,000. Naongeza asilimia 10 ya uharibifu na sindano zinazovunjika: 220,000. Saa 20 kwa shilingi 5,000 ni 100,000, inakuwa 320,000. Asilimia 20 ya kodi ya chumba na matengenezo ya cherehani inafikisha 384,000. Ule wa vipande 300: vifaa 220,000, na uharibifu 242,000, saa 45 ni 225,000, jumla 467,000, na ile asilimia 20 ya chumba na cherehani unagusa 560,000. Kitanda ni kile kile. Aliyeuza kwa futi angeuza yote miwili kwa bei moja.

Mteja akisikia bei hiyo atasema soko la Owino, Kampala, kuna mifarishi ya mitumba kutoka nje kwa pesa kidogo. Ni kweli, na mingine imeshonwa vizuri sana. Mimi humwambia aende akanunue. Sisemi kwa hasira. Anayetaka kufunikwa tu hana sababu ya kunilipa mimi, na nikishusha bei ili nishindane na mtumba, nitakuwa nashindana na mtu ambaye hakulipa kitambaa wala kazi. Anayebaki baada ya jibu hilo ndiye mteja wa kazi ya kuagiza: ssenga, yaani shangazi, anayetaka zawadi ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, yenye rangi za koo mbili, au familia ya Kabale inayotaka pamba nene kwa sababu ya baridi ya kwao.

Kuna kazi nazikataa kwa bei yoyote. Mfarishi wa kulalia wenye mbugo, kile kitambaa cha magome ya mti, ni mmojawapo. Magome ya mutuba hayapendi kufuliwa kama pamba, na zaidi ya hapo, kwa Waganda wengi mbugo ni kitambaa cha kumzika mtu. Bibi akiukuta kitandani kwa mjukuu, mteja wako hatakusamehe. Kama ni pambo la ukutani, tuzungumze.

Kazi iliyo ngumu zaidi kuipa bei ni mfarishi wa nguo za marehemu. Kanzu ya baba, gomesi za mama, shati la kazini. Hapa vipande vinaweza kuwa vichache, lakini mkasi ukikosea hakuna duka la Kiyembe litakalokurudishia. Naongeza kiasi kwa ajili hiyo, na nakisema wazi badala ya kukificha ndani ya "kazi". Kabla ya kukata, napiga picha kila nguo, na mwenye nguo mwenyewe anaweka alama ya chaki: mfuko huu ubaki, kola hii ionekane. Asipokuwapo, sikati. Ndugu wakiwa wanne na hawajakubaliana nani atakaa na mfarishi, nasubiri wakubaliane, maana nimeshaombwa niugawe vipande vinne mfarishi uliokwisha.

Na ndugu zangu mimi? Bei ya undugu sina. Dada yangu akitaka mfarishi, ama nampa bure kwa moyo mmoja, na rangi nachagua mimi, vipande ni vikubwa na unakamilika nikipata nafasi; ama analipa kama mteja mwingine na ana haki ya kunisumbua kuhusu rangi. Nusu bei huleta yote mawili: analipa kidogo na anasumbua kamili.

Mteja anayerudi kwa mfarishi wa pili wenye mchoro ule ule simpunguzii saa za kushona, kwa sababu pembe 266 bado ni pembe 266. Nampunguzia zile za kuchora na kupima, ambazo kweli sijazitumia tena, na kwenye risiti nazionyesha kwa mstari wake.