Kukwamua si kung'oa

Kukwamua ni kukifanya kitu kilichokwama kiachie. Maana ndiyo hiyo, na ningeishia hapo kama mpwa wangu asingekuja Jumamosi na mkono wa pedeli wenye tundu lililochakaa kama mdomo wa kibogoyo, akaniambia kwa furaha, "Mjomba, nimeing'oa!"

Pedeli ya kushoto ya baiskeli yake ilikuwa imekatikia ndani. Kwetu Mikindani hilo si ajabu. Baiskeli inalala nje, hewa ya bahari inailamba usiku kucha, asubuhi inabebeshwa ndoo za samaki. Ekseli ilikatika pale inapoingilia kwenye mkono, kipande kikabaki ndani kimeshikwa na kutu. Akaenda kumuuliza fundi, akajibiwa, "Ing'oe tu." Naye akaing'oa kweli, kwa tindo na nyundo. Kipande kilitoka, na hesi zote za lile tundu, ile michirizi ya mzunguko inayoshika skrubu, zikatoka nacho.

Simlaumu mtoto. Alitii kitenzi alichopewa.

Tazama vitenzi vyenyewe. Kiswahili kina kiambishi kidogo cha -u- ambacho kazi yake ni kutendua: ukifunga unafungua, ukiziba unazibua, ukikunja unakunjua, ukitega unategua. Penye o kwenye shina hugeuka -o-, ndiyo maana ulichokichomeka unakichomoa. Kukwamua kumo katika ukoo huo. Ndani ya neno lenyewe mna kukwama, na neno linakudai ujue kwanza kitu kimekwamia wapi na kimeshikwa na nini, kisha urudi kinyumenyume hadi kiachie. Kung'oa hakumo. Hakuna kitenzi ambacho kung'oa kunakitendua (kung'aa ni mambo ya sufuria, hakuhusiki). Tunang'oa jino, muhogo, mti, msumari: vitu vya kuvutwa kwa nguvu, na aking'oa mtu hana haja tena na shimo. Hakuna anayerudishia jino. Mwenye baiskeli anataka shimo libaki zima, maana kesho atafunga humo pedeli nyingine.

Hapo barazani jirani alinipinga. Kipande kilichokatikia ndani, alisema, ni kisiki, na kisiki hung'olewa. Ni hoja tamu, ila kisiki kina mizizi, si hesi. Wazee walijua tofauti hiyo: skrubu waliiita msumari wa hesi, au parafujo, neno tulilolipata kwa Wareno. Msumari mtupu unang'olewa kwa nyundo ya makucha. Wa hesi unafunguliwa, na ukigoma unakwamuliwa. Neno moja tu, hesi, linabadilisha kitenzi na kifaa cha kushika mkononi.

Na kinachonichekesha ni kwamba kukwamua hatujakusahau. Mikutanoni kila siku tunahimizwa kujikwamua kiuchumi, wala sijasikia mtu akiambiwa ajing'oe kutoka kwenye umaskini. Neno tumelivalisha suti, tukalisahau kwenye karakana.

Sasa kwa pedeli ile, kukwamua kungekuwa hivi. Kinachoshika ni kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo hujaa kati ya hesi na kubana kama kabari. Unadondoshea mafuta ya taa, ambayo ni mepesi na hupenya, unayaacha yalale humo. Asubuhi unagonga kidogokidogo, kugonga kwa kuamsha, ili kutu ipasuke, kisha unaongeza mafuta. Kipande cha mpwa wangu kilikuwa kinachungulia upande wa ndani wa mkono, kiasi cha punje ya mchele. Hapo ungekata mfereji mdogo kwa msumeno wa chuma, ukaingiza bisibisi pana, ukazungusha.

Uelekeo wa kuzungusha ndio huwaponza wengi. Pedeli ya kulia hufunguka kinyume cha mshale wa saa, kama bolti za kawaida. Ya kushoto imechongwa hesi za kinyume ili isijilegeze yenyewe mtu akiendesha, kwa hiyo hufunguka kwa kufuata mshale wa saa. Hiyo ni ukiitazama kutoka nje. Ukiinama ukaitazama kutoka ndani, kule kilikochungulia kile kipande, uelekeo unageuka tena. Asiyejua hili hukaza huku akiapa kwamba anafungua, mwisho anachoka, anaita nyundo, na nyundo ndiyo inayoleta lile neno la kung'oa.

Mkono ule umeshakufa, tumenunua mwingine. Mpwa bado anasema "niliing'oa", na kwa kweli hasemi uongo, ndicho alichokifanya. Ila ikitokea tena, yako au ya mwanao, mwambie fundi hivi: "Pedeli imekatikia ndani, nisaidie kuikwamua." Akikujibu kwamba ataing'oa, usigombane naye. Muulize tu kwa upole ataanza na mafuta au na tindo.