Je, wajua kwa nini Wi-Fi hujaa kwenye simu lakini ujumbe hauendi?

Mgeni amefika gesti, kapewa neno la siri pale mapokezi, kaingia chumbani na kufunga mlango. Simu inaonyesha Wi-Fi imejaa. Anawatumia watu wa nyumbani picha moja ya ziwa. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka anachoka na kutoka koridoni. Akifika tu koridoni, picha imeondoka.

Nafunga mitandao ya majengo hapa Mwanza, na swali hili naulizwa karibu kila wiki. Wengi huja na jibu tayari: "Fundi, nitafutie rauta yenye nguvu, ile ya antena sita." Naomba tuelewane vizuri hapa, maana hela nyingi za watu zimepotelea kwenye hizo antena.

Fikiria watu wawili pale Mwaloni, Kirumba. Mmoja yuko ufukweni na kipaza sauti, mwingine yuko mbali kwenye mtumbwi na hana kitu zaidi ya mdomo wake. Wa ufukweni akiita, wa mtumbwini anasikia kila neno. Akijibu, sauti inaishia majini. Ndivyo ilivyo kati ya simu yako na kile kifaa cheupe cha darini tunachokiita aksesi pointi. Kifaa kile kinaweza kurusha kwa miliwati 100 au zaidi, lakini simu ina antena ndogo na inabana betri, kwa hiyo mara nyingi hurusha kwa nguvu ya chini zaidi. Alama unayoiona kwenye kioo inakuambia simu inakisikia kifaa kwa kiasi gani. Haikuambii kama kifaa nacho kinaisikia simu. Hata ukiwa unapakua tu, simu lazima iitikie kila mara kwamba imepokea, la sivyo kifaa kinarudia kutuma kilekile. Ukiongeza nguvu ya kifaa umenunua kipaza sauti kikubwa zaidi, na wa mtumbwini bado hasikiki.

Halafu kuna kuta zetu. Mji huu umekaa juu ya mawe. Ukijenga mlimani, ukuta wa nyuma wa ghorofa ya chini huwa umeegemea mwamba au msingi wa mawe, na nguzo zake ni zege lililosheheni nondo. Mbao na jipsamu mawimbi huzipita kirahisi. Tofali la saruji hula sehemu yake, na zege lenye nondo hula sehemu kubwa. Maji nayo huyameza mawimbi haya, iwe ni tangi lililojaa au umati wa watu ukumbini, kwani mwili wa mtu sehemu kubwa ni maji. Kioo cha kujitazamia, kwa sababu ya ule utando wa metali nyuma yake, huyarudisha yalikotoka.

Niliwahi kupima kwenye gesti moja upande wa Nyegezi. Kifaa kilikuwa kimoja tu, katikati ya koridoni. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na namba zake huwa hasi; kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora, na kila ikishuka kwa 3 nguvu imepungua nusu. Chini ya kifaa simu ilisoma hasi 48. Ndani ya chumba, mlango umefungwa, hasi 63. Msalani, nyuma ya ukuta wa pili wenye vigae, hasi 77. Kutoka 48 hadi 77 ni desibeli 29, yaani nguvu imepungua karibu mara 800, na ni hatua chache tu za mtu mzima. Mimi nikitaka mtu apige simu ya video bila kukatika, sikubali ishuke chini ya hasi 67 pale anapokaa au anapolala.

Dawa yake ni kuweka vifaa vingi vinavyoongea kwa sauti ya chini, kila kimoja karibu na watu wake. Ninaposema sauti ya chini namaanisha unaingia kwenye mipangilio na kuipunguza nguvu ya kurusha mpaka ilingane na uwezo wa simu. Wenye majengo hushtuka wakisikia hivyo. Lakini simu yenyewe ndiyo inayoamua lini ihame kutoka kifaa kimoja kwenda kingine, na kama kile cha mapokezi kinapiga kelele mpaka ghorofa ya tatu, simu itaking'ang'ania huko juu na kukiacha kilicho mlangoni pake. Vifaa vyote vipewe jina moja na neno la siri moja ili simu ihame bila mtu kuigusa. Na vile vya darini vibandikwe darini kweli, vikiangalia sakafu, maana antena zake zimetengenezwa kusambaza pembeni na chini. Ukikisimamisha ukutani, sehemu ya mawimbi inakwenda kwa majirani wa juu na wa chini.

Jambo lingine ambalo watu hawaambiwi: kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya mawimbi, anaongea mmoja kwa wakati mmoja. Simu zote na vifaa vyote vilivyo kwenye chaneli hiyo na vinavyosikiana vinapokezana, hata kama ni vya duka la jirani. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 utaona chaneli nyingi, lakini zimepandana. Zisizogusana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Ukichagua ya 3 ukidhani ni tupu, unawasumbua wa 1 na wa 6 na wao wanakusumbua wewe. Gigahezi 5 ina chaneli nyingi zaidi na ina kasi, ila hudhoofika haraka ikikutana na ukuta, na hiyo ni sababu nyingine ya kuvisogeza vifaa karibu na watu. Unapozipanga, kumbuka na ghorofa ya juu: vyumba viwili vilivyo juu na chini ni majirani pia.

Ripita siipendi kwenye gesti. Inapokea kwa hewa na kurusha tena kwa hewa ileile, kwa hiyo kila kitu kinasemwa mara mbili na kasi hushuka karibu nusu. Vuta kebo mpaka kwenye kila kifaa, isizidi mita 100 kutoka kwenye swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa kebo. Na kabla hujalipia boksi la kebo, omba kipande, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Iache hapohapo dukani. Swichi ya PoE hupeleka umeme ndani ya kebo hiyohiyo ya mtandao, na kebo ya alumini hupoteza umeme njiani mpaka kifaa cha mbali kinajizima na kujiwasha chenyewe usiku kucha. Ukiwa na shaba halisi, UPS moja, yaani betri ya akiba, kwenye swichi inatosha kuvibakiza hai vifaa vyote umeme ukikatika.

Ukanda huu wa ziwa ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani, hasa usiku juu ya maji. Kwa hiyo kutoka jengo moja kwenda jengo jingine nimeacha kabisa kuvuta shaba. Natumia faiba, kwa sababu ni kioo na hakipitishi umeme. Nilikwishaona swichi mbili, moja kila jengo, zikiungua kwa pigo moja, na kebo iliyoziunganisha ilikuwa mita 40 tu.

Gesti ile ya Nyegezi sasa ina vifaa sita, viwili kila ghorofa, vyote vimepunguzwa nguvu. Kabla ya kukabidhi nilimpigia mwenye jengo simu ya video nikiwa juu kabisa, nikashuka ngazi taratibu, nikaingia chumba cha mwisho kinachogusa mwamba, nikafunga mlango, nikaenda msalani nikafunga na ule. Aliniuliza mbona nimenyamaza. Nilikuwa nasoma namba: hasi 61.