Mwanangu ameanza kunitania: maswali ya wazazi kuhusu mzaha wa mtoto mdogo

Mtoto huanza kucheka akiwa na umri gani?

Tabasamu la kuitikia uso wa mtu huja kati ya wiki ya 6 na ya 8. Yale ya usingizini, siku za mwanzo, huja yenyewe tu. Kicheko cha sauti hufuata, kwa wengi kuanzia mwezi wa 3 au wa 4. Aliyezaliwa njiti ahesabiwe kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Nikijifunika kanga usoni kisha nikajifunua, anacheka sana. Kinachomchekesha ni nini?

Jambo lisilo la kawaida, linalofanywa na mtu anayemwamini. Hayo mawili lazima yaende pamoja. Mgeni akifanya vilevile, mtoto huyohuyo anaweza kuangua kilio, hasa kuanzia miezi 8 hivi, anapoanza kuogopa wageni. Umri huo pia ndio anaozidi kuelewa kwamba uso uliofunikwa bado upo nyuma ya kanga, basi anausubiri: utamwona ametoa macho na miguu anairusharusha kabla hujafunua. Baadaye ataivuta kanga na kujifunika mwenyewe.

Wa miezi 10 ananinyooshea kijiko, nikitaka kukipokea anakirudisha huku anacheka. Ni uchoyo?

Hapana, anakutania. Ameshajua unachotarajia, na amekusudia kukifanya kisitokee. Kwa umri huo, hiyo ni kazi kubwa ya akili. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Elena Hoicka wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha majibu ya wazazi wa watoto 671 wa chini ya miaka 4. Walikadiria kwamba nusu ya watoto hufurahia mzaha kufikia miezi 2, na nusu huanzisha mzaha wao wenyewe kufikia miezi 11. Wazazi hao walikuwa wa Uingereza, Marekani, Kanada na Australia, lakini kijiko hicho mama wengi wa huku wanakijua vizuri. Nawasihi wazazi: msimpige mtoto huyu mkono. Nyoosha wako tena, jifanye umeshangaa.

Nitajuaje kama anatania au amekosea?

Mtazame macho. Mtoto wa miaka 2 aliyekosea humwita mbuzi “ng'ombe” na kuendelea na shughuli zake. Anayetania hulitaja jina hilo kisha anageuka kukuangalia, midomo imebana kicheko. Huyu analijua jina sahihi. Asingelijua, asingeona cha kuchekesha. Usimsahihishe kwa ukali. Mwambie, “Haya, twende tukamkamue maziwa ya chai,” uone atakavyokurekebisha.

Miaka 3 au 4 huja maneno ya kubuni na mizaha ya chooni. Usiogope, ametoka kujifunza poti juzijuzi. “Hayo hatuyasemi wakati wa kula” inatosha. Akifika miaka 5 atakutegea vitendawili ambavyo hata yeye hajui jibu. Itikia “Tega!” na ukishindwa mpe mji.

Bibi yake humwita “mume wangu” na kumlalamikia kwamba haleti posho nyumbani. Anaelewa?

Wa miaka 3 anaweza kulichukua neno kama lilivyo na kununa. Baadaye kidogo utamsikia akijibu, “Wewe huna meno, nitaoa mwingine!” Amejifunza kwamba mtu anaweza kusema asichomaanisha na bado akampenda. Utani wa mabibi na mababu ni shule nzuri, na nasikitika nikiona mtoto amekabidhiwa simu badala yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba wa chini ya mwaka 1 asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Lakini upo utani ambao tuuache. “Wewe tulikuokota jalalani” mtoto mdogo huuamini, na anaweza kulala nao usiku kucha. Vivyo hivyo kumcheka kwa kigugumizi, weusi wake au kukojoa kitandani. Watu wazima wakicheka huku yeye analia, hapo hakuna mtani, kuna anayeonewa.

Kumtekenya na kumrusha juu je?

Anayetekenywa hucheka hata kama hafurahii, kwa kuwa mwili hucheka wenyewe. Akigeuza uso au kukusukuma, acha. Kumrusha juu ni hatari ya kuanguka, na kumtikisa kwa nguvu kunaweza kuvujisha damu ndani ya ubongo. Usimtikise kamwe, hata ukiwa umechoshwa na kilio chake. Wala usimchekeshe akiwa na karanga au chakula mdomoni, anaweza kupaliwa.

Ni wakati gani niende kliniki?

Nenda kama hajamtabasamia mtu yeyote kufikia miezi 3, haonyeshi furaha kufikia miezi 6, au hapungi mkono wala kuonyesha kwa ishara kufikia mwaka 1. Nenda upesi zaidi kama ameacha tabasamu au maneno aliyokuwa nayo. Beba kadi yake na uombe apimwe masikio na macho, kwani asiyesikia vizuri hukosa michezo mingi ya sauti. Na kama anapatwa na vicheko vya ghafla vinavyojirudia bila sababu, hata ukimwita hageuki, hiyo inaweza kuwa aina adimu ya kifafa. Mrekodi kwa simu umwonyeshe daktari.