Simu mfukoni, macho juu: dhana potofu kuhusu ziara za sauti katika miji ya kale

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Katika mji wa kale, methali hiyo mimi huipinga. Mtu mwenye macho mazima anaweza kupita chini ya dirisha lililozibwa kwa matofali karne tatu zilizopita asilione, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ainue uso. Hiyo ndiyo kazi ya ziara ya sauti: unapakua simulizi kwenye simu, unavaa hedifoni, unatembea kwa mwendo wako, na sauti inakuelekeza cha kutazama. Nazipenda sana ziara hizi, ndiyo maana huniuma kuona watu wakizikimbia, au wakizitumia vibaya, kwa sababu ya mambo waliyoyasikia na kuyaamini bila kuyajaribu.

Dhana: Bila intaneti, ziara haifanyi kazi

Hii huwatisha wengi, hasa wanaofika nchi ambako laini yao haina bando au gharama ya data ni kubwa. Ukweli ni kwamba programu nyingi za ziara hukuruhusu kupakua kila kitu mapema, ukiwa bado kwenye waifai. Na sauti si mzigo mkubwa. Rekodi ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti 1 kwa dakika, kwa hiyo simulizi la dakika 90 halifiki megabaiti 90. Ikirekodiwa kwa kilobiti 64, kiwango kinachotosha kabisa kwa sauti ya mtu anayezungumza, inakuwa nusu ya hapo.

GPS nayo haihitaji intaneti, na hapa ndipo wengi hushangaa. Setilaiti zake huzunguka dunia kwa urefu wa takriban kilomita 20,200, zote zikitangaza muda bila kukoma. Simu yako husikiliza tu, kama redio inavyosikiliza kituo, na haipeleki chochote kwa setilaiti hizo. Ikizipata angalau nne, inapiga hesabu na kujua ulipo. Mtandao wa simu husaidia kuharakisha hesabu hiyo ya kwanza, lakini si sharti. Ukiwa huna mtandao, simama mahali penye anga wazi kwa dakika moja au mbili, maana kupokea taarifa za mzingo wa setilaiti moja huchukua takriban sekunde 30 hata mawimbi yakiwa safi.

Kinachowakwamisha watu mara nyingi ni ramani. Wanapakua sauti, wanasahau ramani, kisha wanabaki na kidoti cha buluu, kile kinachoonyesha ulipo, kikielea kwenye kioo cheupe. Dawa yake ni jaribio dogo kabla ya kutoka: washa hali ya ndege, fungua programu, cheza simulizi la kituo cha kwanza na cha mwisho cha ziara, kisha kuza ramani uone kama majina ya mitaa yanatokea. Kama unatumia hedifoni zisizo na waya, huenda ukalazimika kuiwasha upya Bluetooth, kwa kuwa hali ya ndege inaweza kuizima. Kinachofanya kazi hapo kitafanya kazi mtaani.

Dhana: Kidoti cha buluu hakikosei

Hukosea, na hukosea zaidi pale pale unapokihitaji. Mahali penye anga wazi, GPS ya simu kwa kawaida hukuweka ndani ya mita 5 hivi za ulipo. Kwenye barabara pana hizo mita 5 si kitu. Lakini miji ya kale haikujengwa kwa ajili ya barabara pana. Venice ina vichochoro visivyofika hata mita moja kwa upana, na mji mkongwe wa Fes, Moroko, ni mtandao wa njia nyembamba kati ya kuta ndefu. Ukiwa kwenye kichochoro cha mita mbili, kosa la mita 5 linatosha kukuweka kichochoro cha pili, upande wa pili wa nyumba nzima.

Na kuta zenyewe huongeza kosa. Mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta na kurudi kabla ya kuifikia simu, kwa hiyo yanakuwa yamesafiri njia ndefu kuliko ile iliyonyooka. Simu haijui kwamba yameruka ukutani; inaamini tu kwamba setilaiti iko mbali zaidi, na kidoti kinahama. Ndiyo sababu utakiona kikivuka jengo na wewe umesimama tuli.

Matokeo yake katika ziara ni kwamba sauti inaanza kukusimulia lango ambalo hulioni, au inakaa kimya mbele ya jengo ulilolifuata. Usiilaumu ziara wala usirudi nyuma ukizungukazunguka. Bonyeza kituo kwa mkono. Programu nyingi zina orodha ya vituo, na picha ya kila kimoja ndiyo mwongozo wa kuaminika kuliko kidoti: linganisha mlango ulio kwenye picha na ulio mbele yako. Ndani ya majengo yenye kuta nene, GPS huweza isipatikane kabisa, na ndiyo maana huko hutumika namba za vituo au msimbo wa QR.

Kuna sababu nyingine ya ukimya, na hii haihusu anga. Simu ikiwa katika hali ya kuokoa chaji, huweza kuizima programu inayojiendesha kioo kikiwa kimefungwa. Ziara inaganda, nawe unadhani imeharibika. Iondoe programu hiyo kwenye orodha ya zinazobanwa, iruhusu kujua ulipo kwa muda wa matembezi tu, kisha futa ruhusa hiyo ukimaliza.

Dhana: Ziara ya sauti humfanya mtu akodolee simu mji mzima

Ninaelewa inatoka wapi. Matembezi yangu ya kwanza ya namna hii niliyafanya hivyo hivyo: simu mbele ya uso, nikikifuata kidoti hatua kwa hatua, na nilipofika mwisho sikuweza kueleza hata rangi ya mlango mmoja. Tatizo lilikuwa jicho langu kupewa kazi ya sikio. Ziara iliyotengenezwa vizuri hukuelekeza kwa maneno: geukia kushoto kwenye kisima, simama ukiwa umekipa kisima mgongo, tazama juu ya dirisha la pili. Ukisikia maelekezo ya aina hiyo dakika za mwanzo, tia simu mfukoni na uiache huko. Ukisikia tarehe tupu bila kuambiwa usimame wapi wala uelekeze macho wapi, hiyo ni makala iliyosomwa kwa sauti, na unaweza kuisikiliza kitandani.

Hii ndiyo sifa ninayoipima kwanza ninapochagua ziara, kabla ya bei na kabla ya uzuri wa sauti. Na kuhusu bei, ziara za bure zilizoandaliwa na makumbusho au halmashauri za miji zimewahi kunifundisha zaidi ya za kulipia. Sikiliza sampuli kwanza.

Dhana: Kilichorekodiwa ni historia iliyothibitishwa

Hapa naomba tukae kidogo. Sauti tulivu yenye muziki laini nyuma yake ina nguvu ya ajabu ya kushawishi, na hadithi nyingi za mitaani zimeingia kwenye rekodi kwa sababu ni tamu.

Chukua sanamu za watu waliopanda farasi. Utaambiwa kwamba miguu ya farasi ni lugha ya siri: mguu mmoja ukiwa juu, mpandaji alijeruhiwa vitani, miwili ikiwa juu, alifia vitani, yote minne ikiwa chini, alikufa kwa amani. Hakuna kanuni kama hiyo iliyowaongoza wachongaji. Sanamu nyingi zinaikiuka, na zinazolingana nayo zinalingana kwa bahati.

Au chukua neno la Kilatini vomitorium. Wengi wamesimuliwa kwamba ni chumba ambamo Warumi walikwenda kujitapisha ili warudi mezani kula tena. Neno hilo lilitumika kwa njia za kupitishia watu kwenye majumba ya maonyesho kama Colosseum, zilizouwezesha umati kutoka kwa haraka. Mtu akijua hilo, akasimama mbele ya matao yale na kuwaza maelfu ya watu wakimiminika nje, anapata kitu kikubwa kuliko kile kichekesho cha karamu.

Madirisha niliyoyataja mwanzoni nayo yana hadithi yake. Uingereza ilitoza kodi ya madirisha kuanzia 1696 hadi 1851, na ni kweli kwamba wenye nyumba walikuwa wakiziba madirisha ili kuikwepa. Lakini si kila dirisha lililozibwa lina hadithi hiyo. Mengine yalijengwa yakiwa yamezibwa tangu mwanzo, ili upande wa mbele wa nyumba uwe na mpangilio ulio sawa. Rekodi inayosema yote yalizibwa kwa sababu ya kodi imechukua ukweli na kuupanua kupita kiasi, na upotoshaji wa namna hiyo ndio mgumu zaidi kuugundua.

Basi sikiliza jinsi msimulizi anavyotenganisha mambo. Anayesema "inasimuliwa kwamba" pale penye ngano, na "maandishi ya wakati ule yanaonyesha" pale penye ushahidi, huyo anakuheshimu. Anayesema yote kwa uhakika ule ule, yaweke maneno yake pembeni hadi uyahakikishe. Ngano si adui. Ni sehemu ya mji. Kosa ni kuziuza kama hati.

Rekodi pia huzeeka. Moto wa tarehe 15 Aprili 2019 uliangusha mnara mwembamba wa Notre-Dame mjini Paris, ule uliobuniwa na Viollet-le-Duc katika karne ya 19. Simulizi lililorekodiwa kabla ya siku hiyo lilimwambia msikilizaji atazame kilele ambacho hakikuwapo tena. Mnara umejengwa upya na kanisa likafunguliwa Desemba 2024, kwa hiyo sasa rekodi za miaka ya katikati, zilizoeleza majukwaa ya ujenzi na paa lililotoweka, ndizo zilizopitwa na wakati. Angalia tarehe ya toleo kabla hujapakua.

Dhana: Dakika 60 za sauti ni saa moja ya matembezi

Muda unaoandikwa mara nyingi ni wa sauti peke yake. Njia ya kilomita 3, kwa mwendo wa kawaida wa kilomita 4 kwa saa, inakula dakika 45 za miguu. Ongeza ngazi, foleni, picha, kupumzika kivulini, na pale ambapo umependa ukataka kubaki. Saa moja ya sauti huwa mbili, wakati mwingine tatu, na hakuna ubaya: unaweza kusitisha na kuendelea kesho. Wala hulazimiki kufuata mpangilio wa vituo, isipokuwa simulizi lenyewe limejengwa kama hadithi moja.

Dhana: Betri haitafika mwisho

Kinachokula chaji zaidi ni kioo kilichowashwa kwa mwanga mkali juani. Kucheza sauti iliyopakuliwa, kioo kikiwa kimezimwa, ni kazi nyepesi kwa simu. Anayeitia simu mfukoni ameokoa macho yake na betri yake kwa pamoja. Joto ni adui mwingine: simu iliyoshikwa juani kwa muda mrefu hupunguza mwanga wake na huweza kujizima. Ukiwa na pawabenki ndogo ya mAh 10,000 huna wasiwasi wa siku nzima, na inaruhusiwa kwenye begi la mkononi ndani ya ndege, kwani ni takriban saa-wati 37 ilhali kikomo cha kawaida ni 100.

Dhana: Ziba masikio yote mawili ndipo usikie vizuri

Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu ni suala la usalama. Mji wa kale una pikipiki, baiskeli na mikokoteni inayotokea kwenye kona bila kuonekana. Vaa hedifoni moja, au zile zinazopitisha sauti za nje, na uzime kile kipengele cha kuondoa kelele. Usipandishe sauti kushindana na barabara. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama, na kila unapoongeza, muda huo unapungua haraka. Penye kelele, sitisha, songa hadi uani, endelea.

Spika ya simu usiitumie. Ukiingia mahali pa ibada, toa hedifoni kabisa, hata kama simulizi linaendelea: rekodi haijui kama kuna maziko leo.

Dhana: Haya ni mambo mapya, ya vijana

Makumbusho ya Stedelijk mjini Amsterdam yaliwapa wageni vifaa vidogo vya kupokea mawimbi ya redio mwaka 1952, wakasikiliza maelezo wakitembea. Wote walisikia kitu kimoja kwa wakati mmoja, hivyo walisogea pamoja. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila mtu anasitisha anapotaka. Nani anahitaji hilo zaidi ya mzee anayetaka kukaa kwenye benchi dakika kumi bila kuchelewesha kundi, au mtu asiyeona vizuri ambaye maandishi madogo ya vibao hayamfai kitu?

Dhana: Ukiwa na simu, humhitaji mtembeza wageni

Kuuliza si ujinga, lakini rekodi huwezi kuiuliza. Haijui kwamba lango la kusini limefungwa wiki hii, wala haiwezi kukueleza bibi yake mwenyewe aliishi nyumba ipi. Mimi huanza na ziara ya sauti siku ya kwanza, peke yangu, nikiandika maswali kwenye karatasi. Siku ya pili namtafuta mtembeza wageni aliyezaliwa hapo na kumkabidhi karatasi ile. Mara nyingi swali la kwanza tu linatupeleka kwenye mtaa ambao ramani ya programu haikuuweka.