Je, rapa anayetazamwa zaidi ndiye bora wa wakati wote?

Kuanzia matatu za Kondele, Kisumu, hadi vibanda vya kinyozi Nakuru, wengi huamini kwamba rapa bora kuliko wote ni yule anayeongoza kwa kutazamwa mtandaoni. Imani hiyo inaeleweka, maana namba ziko wazi kwenye simu. Ila hip hop ilizaliwa Bronx, New York, mwaka 1973, na YouTube ikaja 2005. Waliovuma kwa kaseti miaka ya 1980 hawakuhesabiwa hivyo. Tena shabiki mmoja huweza kurudia wimbo uleule kutwa nzima.

Kupima ufundi, andika ubeti mmoja kwenye karatasi, pigia vina mstari, kisha sikiliza rapa anapovuta pumzi. Mimi huthamini zaidi vina vya kati, yaani vile vinavyokuja katikati ya mstari. Ni vigumu kuvitunga bila kupoteza maana.